Muhtasari wa Kikao cha Februari

Mimi ndiye katibu. Naandika kilichosemwa,
nani alikisema, na saa ngapi.
Basi: ukumbi wa shule, saa moja jioni,
nje baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri,
makoti yamerundikwa juu ya piano,
theluji ya viatu inayeyuka, inachirizika
mpaka mstari wa penalti wa uwanja wa kikapu.

Mhandisi kutoka Winnipeg alitundika ramani.
Mstari mwekundu unaanzia barabara kuu,
unaruka reli, unaingia Mtaa wa Tamaraki
kama kisu mkateni—
hapana, futa. Katibu hapambi.
Unapita kwenye nyumba kumi na moja.

Halldora Eyolfson, miaka themanini na miwili,
aliuliza mstari ule una upana gani.
"Hapa kwenye karatasi, mama, milimita mbili."
"Na kwangu?"
"Mita ishirini na sita."
"Kwangu pana mita kumi na tisa," alisema,
"nikihesabu na mtufaha."
Akaketi.

Mhandisi akasema wasiwasi usiwepo, kila kitu kipo barabara.
"Kila kitu kipo," Halldora alijibu bila kusimama,
"barabara ndiyo haipo. Na isiwepo."
(Kicheko. Sekunde kumi hivi.)

Rosauro Dimaculangan, zamu ya usiku, machinjioni,
alisema garimoshi la ngano lina mabehewa mia na arobaini.
Ameyahesabu. Pale kivukoni hana kazi nyingine,
dakika ishirini na mbili, vidole vikifa ganzi,
na saa ya kiwandani haijui garimoshi.
"Mnaupenda utulivu. Hata mimi.
Ila utulivu wenu nalipia mimi, kwenye mshahara."
Hakuna aliyecheka.

Metro Kowalchuk akapiga meza.
Watoto wanacheza hoki mtaani, alisema,
gari likija wanasogeza goli,
likipita wanalirudisha.
"Hiyo lami ikija,
goli litasogezwa mara moja tu."

Kisha wakasema wote pamoja.
Husemwa penye wengi hapaharibiki neno.
Hapa yaliharibika kadhaa,
na moja lilimhusu mama wa mtu.
Sikuliandika.

Wala sikuandika haya:
kwamba Novemba, Leifur wangu alianguka jikoni,
kijiko bado mkononi,
na ambulensi ikafika upande wa pili wa reli
ikasimama.
Niliiona taa yake katikati ya mabehewa,
nyekundu, giza, nyekundu, giza.
Ndiyo, Rosauro. Mia na arobaini.
Wala kwamba aliyevuka uwanja kwa ndala, thelujini,
akapiga magoti sakafuni kwangu,
akanishika mkono dakika zote zile
bila kuniambia kwamba Mungu ana mpango,
ni mwanamke mwenye mtufaha.

Hilo ningeliweka chini ya ajenda namba ngapi?

Kura: waliokubali, arobaini na mmoja.
Waliokataa, thelathini na saba.
Asiyenyosha mkono, mmoja.
Mkono wake ulikuwa na kalamu.
(Ningeweza kuiweka chini. Najua.)

Kikao kilifungwa saa tatu na dakika kumi.
Rosauro alibaki akakunja viti,
pamoja na kile cha Metro, aliyetoka bila kuaga.
Nilimshika Halldora kiwiko, tukaenda polepole,
barafu ikilia chini ya fimbo yake.
Nilingoja aniulize.
Garimoshi lilipiga honi mbali, huko kwenye maghala.
Mlangoni pake akatafuta ufunguo, akaupata, akanigeukia.

"Jina langu umeliandika kwa y?"
"Ndiyo."
"Vizuri," alisema. "Wengi hukosea hapo."